Fungu la Kyungu

Nilikuwa mtoto wa miaka minane, na tayari nilikuwa mjanja kuliko watu wazima wote wa Kasungami. Shule niliiacha mapema, ni kweli, lakini leo waliomaliza shule ndio wananiletea pikipiki zao nizitengeneze, basi tusifundishane. Kisasi changu cha kwanza nilikilipa katika umri ule. Nilikilipa vizuri.

Naitwa Kabange. Kwetu Waluba ukisema jina hilo, mtu anakuuliza palepale, "Na Kyungu iko wapi?" maana mapacha wa kwetu wanazaliwa na majina yao tayari. Kyungu ndiye aliyetangulia kutoka tumboni, akatangulia na kuondoka. Homa ilimchukua kwa siku tatu, mvua zilipoanza tu. Kaku, mama ya baba yangu, alikataza watu wasilie, kwa sababu pacha akililiwa anamvuta mwenzake. Akaweka sheria: kila kinachogawiwa nyumbani kinatoka mara mbili. Mabonge mawili ya bukari, ugali wetu, mayai mawili, hata peremende. Fungu la Kyungu linawekwa, jina lake linaitwa, kisha mimi ninakula kwa niaba yake.

Cheka tu. Nilikuwa na tumbo la watu wawili na sikuona haya. Lakini Kaku alipoita, "Kyungu, kuya ukule," ilikuwa raha yangu ya siku nzima, na si kwa sababu ya bukari.

Mama aliporudi kwao Mitwaba kumuuguza babu, mimi na Kaku tukahamia kwa baba mudogo, Kasungami, pembeni mwa mji. Mke wake, Tantine Zofi, aliuza munkoyo. Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe, unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, na kesho yake uji umekuwa kinywaji chepesi, kitamu. Wa kwake ulisifiwa hata Karavia, mtaa wa matajiri. Watu walituma madereva wao na madumu.

Jioni ya kwanza akaweka mbele yangu bonge moja.

"Na la Kyungu?" Kaku akauliza.

"Mama, mwenye kufa hakulake bukari," Tantine akasema. "Ni huyu mujanja njo iko nakula mara mbili." Kisha akanigeukia, anacheka. "Kama Kyungu iko na njala, akuye yeye mwenyewe aniombe."

Kaku alikuwa kwenye nyumba ya watu. Alinawa mikono bila kula, akasema polepole, "Pacha haombake, Mama Zofi. Anaharibishaka."

Nilimwona akilala na njaa. Hapo ndipo nilipomweka Tantine kwenye orodha yangu.

Wiki nzima nikamngoja Kyungu aharibu kitu. Hakuna. Munkoyo unauzika, Tantine kanunua kikwembe kipya cha kujifunga, mimi nakula bonge moja na jina la ndugu yangu halitajwi na mtu. Nilimkasirikia hata yeye Kyungu. Kazi ndogo kama hiyo inamshinda?

Basi nikamfanyia. Tantine alikuwa amenivuta masikio mara moja kwa kutia mizizi kwenye uji uliokuwa bado wa moto. Mizizi ya munkoyo ikiungua na moto inakufa, hailegezi uji tena. Alinifundisha mwenyewe, masikio yangu mkononi mwake. Jumamosi mchana alipoenda kusaga mahindi, nikachukua fungu lake zima la mizizi, nikalichemsha juu ya mbabula, jiko letu la makaa, nikalianika juu ya mabati. Lilikauka likawa kama halijaguswa.

Jumapili uji ukabaki uji. Mwiko ulisimama humo wenyewe. Tantine akalaumu maji, kisha akalaumu mahindi. Akanunua mizizi mingine, nikaichemsha nayo. Mara ya tatu wateja wake wakamgeuzia mgongo, wakaenda kwa mwanamke wa upande wa pili wa barabara. Tantine akaketi kwenye kizingiti, mikono kichwani. Mimi nilikuwa napiga mluzi.

Siku ya nne akaja na mayai mawili, mikate miwili, na udongo mweupe kwenye sahani. Akapiga magoti mbele yangu, akanipaka udongo kwenye paji la uso, akaanza kuimba. Sasa, nyimbo za mapacha wa kwetu ni za matusi. Ndiyo heshima yao. Na huyu Tantine alikuwa mwimbaji wa kwaya ya parokia. Aliimba matusi yale amefumba macho, kwa sauti ya sikukuu ya Kristo Mfalme kabisa.

Alipomaliza nikamwambia, "Tantine, Kyungu hakusikia muzuri."

Akaimba tena.

Jioni ile mabonge yalikuwa mawili. Baada ya kula, Kaku aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa ameshika mzizi mmoja. Akauvunja, akaunusa.

"Huu ulipikwa."

Nikaangalia miguu yangu.

"Utamuambia Mama Zofi?"

"Hapana, Kaku."

"Basi unyamaze muzuri," akasema, akaitupa mizizi yote motoni, na asubuhi akaenda mwenyewe kununua mingine.

Sasa Kaku hayupo. Mama yupo, lakini jina la Kyungu halimpiti mdomoni. Baba mudogo amemsahau, nadhani. Kwenye garaji hakuna anayejua kwamba tulizaliwa wawili. Anayemwita bado ni Tantine peke yake, kila ninapoenda Kasungami.

Juzi nilimwangalia akisonga bukari, vidole vyake vimevimba, anapumzika, anasonga, kwa ajili ya bonge la pili. Neno la mizizi likanifika kwenye ulimi. Kabla sijalitoa akaniuliza, bila kunitazama, "Unawaza Kyungu angeoa sasa?"

"Angeoa, Tantine. Na bibi yake angekuogopa."

Akacheka mpaka akaacha mwiko. Akasema wangemletea watoto wawili-wawili, wamumalize.

Kisasi changu sikijutii, tusidanganyane. Lakini katika nyumba zote za ukoo wetu, ni kwa yule niliyemlipiza kisasi tu, ndugu yangu bado anakua. Nikimwambia ukweli, ataacha kumwogopa Kyungu. Na akiacha kumwogopa, je, ataendelea kumwita? Labda ndiyo. Mimi ninayejaribu kila kitu, hilo silijaribu.