Uji wa Mzazi

Kipindupindu kilipoingia, miaka ile ya sabini, nilikuwa muuguzi kijana mwenye mdomo mkali. Mume wangu alikuwa fundi wa injini, kwa hiyo tulikaa Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Katika laini yetu ya nyumba kila mwanamke aliitwa mama fulani. Mimi sikuwa nimejaliwa mtoto, basi nikaitwa Sista. Niliwasumbua majirani wachemshe maji ya kunywa na kunawa mikono kwa sabuni kila watokapo msalani, na nilisimama pale mferejini, tulipochotea maji sote, kuhakikisha. Wakanibandika jina: askari wa choo. Sikujali, maana hakuna aliyeugua katika laini yetu.

Hospitalini mambo yalikuwa mengine. Wodi yetu ilikuwa na vitanda vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini yake. Mgonjwa aliletwa macho yamezama, nasi tulimtafuta mshipa upesi tumtie dripu kabla hajakauka kabisa. Wengi waliinuka wakaenda kwao. Mwanzoni nilimjua kila mmoja kwa jina. Baada ya wiki nyingi bila mapumziko nikaanza kuwaita kwa kitanda. Kitanda cha nne anataka maji. Kitanda cha tisa amefariki. Sikuona ubaya wake mpaka asubuhi moja msichana mdogo alipokata roho mikononi mwangu, na wazo la kwanza lililonijia likawa: afadhali, kitanda kimepatikana.

Nilijiogopa. Nilinawa, nikamaliza zamu, nikaandika barua ya kuacha kazi. Ilikuwa Ijumaa, na metroni, mkuu wa wauguzi, alikuwa amenipa siku mbili za kupumzika. Nilipanga kumkabidhi Jumatatu.

Nilipofika nyumbani niliketi kizingitini, ufunguo mkononi, nisiufungue mlango. Haukuwa mgumu. Sikuona tu sababu ya kuufungua. Jirani yangu wa ukuta mmoja, muuza mboga mwenye watoto sita, alipita na karai la nguo akielekea mferejini. Aliporudi nguo zimeshafuliwa, alinikuta palepale. Alichukua ufunguo, akafungua, akanivua viatu, akanilaza.

Kesho yake, saa nne asubuhi, nilisikia hodi. Walikuwa wanawake watano. Mmoja alibeba sufuria ya uji wa wimbi, mwingine chai, mwingine ndizi. Kwetu pale, awe mtu wa Murang'a au wa Kakamega, mwanamke akijifungua majirani humpelekea uji na kumfulia, na yeye hagusi ndoo mpaka apate nguvu.

"Nani amezaa?" niliuliza, kwa ukali wangu uleule.

"Wewe," akasema muuza mboga. "Si umetoa watu wakiwa hai huko hospitali miezi yote hii? Mtu akizaa anapumzika. Kunywa. Na usianze, tumechemsha."

Nilitaka kuwafukuza. Hata leo sipendi kuhurumiwa. Lakini uji ulinukia vizuri, na mmoja wao alikuwa ameshaanza kukusanya nguo zangu.

"Hiyo ya kazi iloweke kwa dawa kwanza!" nikapiga kelele.

"Tunajua, askari."

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wale walikuwa wameupima wangu wakajua uzito wake, na niliwapenda kwa hilo, ingawa sikuwaambia.

Ndipo akaingia mama wa nyumba ya mwisho, mtu mzima, aliyekuwa kwao magharibi kwa miezi miwili na kurudi asubuhi hiyo kwa gari moshi. Alikuwa ameona sufuria ikielekea kwangu, hakungoja kuambiwa. Aliingia kwa vigelegele, mkononi ana sweta ndogo ya manjano aliyoifuma njiani kwa ajili ya mjukuu wake, akaniwekea mapajani.

"Mungu ni mwema! Mtoto ako wapi? Nipe nimshike!"

Muuza mboga alianza kueleza, akakwama. Ikabidi niseme mwenyewe.

"Hakuna mtoto, mama. Ni uchovu tu."

Baada ya kusema hivyo nikalia, kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze. Nilimlilia mtoto niliyemkosa, nikamlilia na yule msichana ambaye hata jina lake sikuwa nimeuliza. Yule mama aliketi kitandani, akaniwekea mkono mgongoni, akangoja nimalize. Wakati wa kuondoka nilimrudishia sweta yake. Alikataa katakata.

"Zawadi imeletwa kwa mzazi, hairudi. Kaa nayo. Utajua mwenyewe nani anahisi baridi."

Jumatatu nilikwenda kazini na mkoba wenye barua na sweta. Kitanda cha sita alikuwa mtoto wa mwaka mmoja hivi, ameletwa usiku. Nguo zake zilikuwa zimechomwa kwa kuogopa maambukizi, na sasa alikuwa amefunikwa kipande cha shuka. Mama yake aliketi sakafuni kando yake. Nilimvisha sweta polepole, nikiuacha nje mkono wenye dripu. Mkono wa sweta ulikuwa mrefu mno, nikaukunja.

"Ni ya nani?" mama akauliza kwa wasiwasi.

"Ni yake."

Nilichuchumaa, nikamwuliza mama yule mtoto anaitwa nani. Akaniambia. Nikalitamka jina lile karibu na sikio la mtoto, mara mbili, naye akageuza macho kunitafuta.

Metroni alipofika kwenye raundi yake aliuliza kitanda cha sita anaendeleaje. Mkoba sikuufungua. Nilimjibu kwa jina la mtoto.