Mbegu Zilizokosa Moshi

Nilisoma mpaka darasa la pili, nikatolewa kwenda kuchunga mbuzi. Kwa hiyo asiyeweza kuvumilia mtu asiyejua hesabu aishie hapa. Ninachosema nilikiona, na hata hicho sikielewi sawasawa.

Miaka ya vijiji vya Ujamaa, kijiji chetu huku juu mlimani kilipewa zamu ya lori. Likipanda, linabeba mahindi yetu kuyapeleka mashineni mjini Same, siku nyingine linarudi na unga. Bwana shamba akaitisha mkutano. Akasema sisi Wapare tunamaliza msitu kwa sababu ya makande, kuchemsha mahindi mazima na maharage.

"Sufuria moja inakula mzigo mzima wa kuni! Ugali vijiti vitatu tu, umeiva."

Nilikuwa mke mgeni, mtoto mmoja mgongoni, na kusifiwa nakupenda. Nikawa wa kwanza kupeleka magunia. Nilibakiza mahindi ya mbegu tu, yale manene, nikayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza darini juu ya mafiga, kama wanawake wote. Bwana shamba alinisimamisha mbele ya watu wakanipigia makofi. Nikarudi nyumbani shingo imenyooka kama twiga.

Mama mkwe, nyumba ya pili, hakujali mkutano. Makande yake yalitokota tangu asubuhi mpaka jua linageuka, nyumba imejaa moshi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo tena umepika uji mgumu?"

Nikanuna. Lakini lile lori lilinitatiza. Linapanda linakohoa moshi mweusi, dereva analimiminia dizeli debe zima. Nikamuuliza bwana shamba, "Na hili halili?"

"Linakula mafuta, mama, si miti."

"Mafuta yanatoka wapi?"

"Mbali. Ng'ambo."

"Nani anayaleta mpaka Same?"

Akakuna kichwa. "Lori jingine."

Nikarudi jikoni kwangu. Mahindi niliyolima hatua ishirini kutoka jikoni yanashuka mlima na kupanda tena ndipo niyale, na mimi ndiye ninayeokoa kuni. Labda ni kweli. Mwenye kusoma ni yeye.

Mawingu ya vuli yakaanza kukaa mlimani. Nikapanda darini kuteremsha mbegu. Nilipoligusa hindi la kwanza, vumbi likanimwagikia usoni. La pili hivyo hivyo. Fukusi walikuwa wanatembea humo kama wako sokoni. Sikubakiwa na hata punje ya kupanda, na unga haupandwi. Nikakaa chini pale jikoni nikamtazama mtoto, nikajiuliza mwakani atakula nini, makofi?

Nilikwenda kwa mama mkwe na kikapu kitupu. Hakuuliza. Aliangalia kikapu, akaangalia dari lake jeusi linalong'aa masizi.

"Nyumba yako safi siku hizi, mwanangu. Haina moshi. Fukusi nao wanapenda usafi."

"Mama, nimekosa."

"Umekosa nini? Umetii." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akapanda mwenyewe, na mguu wake mbovu, akanitupia mahindi moja moja, mazito, meusi kwa moshi, mazima. Niliyadaka yote. Halikuanguka hata moja.

Mvua ilikuwa bado. Nikayaning'iniza kwangu, nikakoka kuni kubwa. Makande sikuwa nayo, mahindi yote yalikuwa yameshuka Same. Nikabandika sufuria ya maji matupu ili moto usionekane wa bure.

Bwana shamba akapita, akachungulia, macho yakamtoka machozi.

"Mama! Wewe tena? Unapika nini?"

"Napika moshi."

Alisimama mlangoni akitazama sufuria, kisha dari, kisha mimi. Nikasukuma kuni ndani.