Upande wa Nne wa Ua

Wosia wa baba ulipoanza kuzungumziwa, mimi nilikuwa nimeshachoka. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Migori, kwa mume aliyenirudisha kwa kuwa sikumzalia, na mama alikuwa ameshatutoka. Waswahili husema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Hawasemi kazi inayomsubiri huko zizini. Kuteka maji mtoni, kupalilia mtama, kumwogesha mzee, kumgeuza asipate vidonda vya mgongo, kisha kupika chakula ambacho angekionja na kukisukuma kando. Nilimpenda baba yangu. Nilichoka naye pia, wala sioni kwa nini moja lifute jingine.

Kaka yangu, ambaye ndiye mtoto mwingine pekee wa baba, alikuwa karani Homa Bay. Alikuwa akija kwa baisikeli Jumapili, akiwa amebana suruali kwa vibanio, na ndiye aliyelileta neno hilo la wosia. Uhuru ulikuwa umekuja, na sasa ilisemekana watu wa kupima ardhi wamefika lokesheni ya jirani, na kwamba kila shamba litaandikwa kwa jina la mtu. Kaka alitaka baba aandike mapema kuwa shamba lote ni lake, ili pasitokee kelele. Kelele yenyewe ilikuwa mimi, nami nilikuwa pale pale nikimmiminia chai.

"Na dada yako?" baba akauliza.

"Dada nitamtunza. Kwani ataenda wapi?"

Nilikasirika, kwa sababu lilikuwa swali la kweli. Kwetu, binti aliyerudi hana mahali pake. Akiwa hai hulala katika nyumba ya mama yake mpaka mke wa ndugu yake aitake. Akifa, hazikwi ndani ya boma, huzikwa nje ya ua. Shangazi yangu alizikwa hivyo, na tangu utotoni nilikuwa nikiwaona ng'ombe wakipita juu yake kila jioni wakirudi kutoka malishoni. Sikutaka utajiri. Nilitaka mahali pa kulala nikiwa hai, na nikifa nisikanyagwe na ng'ombe.

Baba hakuandika. Alikuwa mtu wa kizazi kilichoamini kwamba anayepanga kifo chake anakiita. Padri wa misheni ya Asumbi alipomletea komunyo alimshauri atengeneze mambo ya nyumba yake, naye akaitikia amina kwa unyenyekevu mkubwa. Padri alipofika langoni akiondoka, baba akanigeukia.

"Umemsikia huyo mzungu? Ananifukuza."

Wiki moja alisema ataandika. Wiki iliyofuata alisema kuandika ni kazi ya watu wasioaminiana. Kisha akaamua atasema kwa mdomo tu mbele ya wazee wa ukoo, kama baba yake alivyofanya. Zamani hilo lilitosha. Aliyevunja neno la mzee aliogopa chira, ule ugonjwa wa laana unaomkausha mtu na watoto wake.

Basi wazee wakaja. Walimla jogoo wangu, wakanywa chai yangu, wakatabiri mvua. Mimi nilikuwa jikoni, nikisikiliza kupitia ukuta wa udongo. Baba alianza vizuri, akataja ng'ombe, akataja shamba la juu na kumpa kaka. Alipofika kwenye shamba la chini akasema, "Huyu nyara," yaani binti yangu, na kabla hajamaliza mzee mmoja akamkata kauli.

"Tangu lini msichana akapewa ardhi? Ukimpa yeye, umempa mwanamume atakayemwoa."

Baba akataja chira. Kaka akasema kwa adabu kabisa kwamba sisi ni Wakristo, mambo ya chira tumeyaacha. Nikaelewa kwamba nimekwama. Karatasi ingechanwa, na neno lingekanwa na watu walewale waliolisikia huku wakinyonya mifupa ya jogoo wangu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilikuwepo, ila jikoni. Nikaosha vikombe.

Asubuhi baba aliniita kitandani.

"Kakate ojuok."

Ojuok ni minyaa, ile miti ya utomvu mweupe tunayozungushia maboma na mashamba. Ukichomeka tawi ardhini linashika, na mpaka uliopandwa na mwenye shamba kwa mkono wake hakuna jirani anayethubutu kuung'oa. Nikadhani anapayuka. Hata hivyo nilikata, nikafunga mzigo, nikamshika mkono tukateremka hadi shamba la chini. Tulipumzika njiani mara nyingi, na mimi nilihitaji kupumzika kuliko yeye.

Shida ilikuwa kwamba hakuweza kuinama bila kuanguka, na mimi sikuruhusiwa kupanda. Kwetu mwanamke hapandi ua. Wanasema akipanda mumewe atakufa. Nadhani waliosema hivyo walijua vizuri kwamba anayepanda ndiye mwenye mahali.

"Nishike kiuno," baba akasema.

Nikamshika. Akainama, nami nikauvuta uzito wake wote mikononi mwangu, na akachomeka tawi la kwanza. Nikamwinua. Tukasogea. Akainama tena. Siku zile tulipanda hivyo, asubuhi kidogo na jioni kidogo, mgongo wangu ukilia na yeye akihema kama mvukuto. Nilikuwa na hasira naye kwamba hakuyafanya haya akiwa na nguvu. Nikamwambia hivyo waziwazi.

"Nilipokuwa na nguvu ulikuwa na mume," akanijibu. "Vuta, nyara. Ukiwa na ua wako mwenyewe, watakuzika ndani ya ua."

Nililia, huku nimemshika kiuno, na yeye hakugeuka kuniangalia.

Jumapili moja kaka alitukuta pale. Alisimama barabarani ameshika baisikeli yake, akatutazama jinsi tulivyoinama na kuinuka. Hakuja kusaidia wala hakukataza. Baadaye aliingia bomani, akanywa maji, akarudi Homa Bay.

Baba alikufa pande tatu zikiwa zimepandwa. Ule uliobaki ulikuwa upande wa nne, unaotazama shamba la kaka, na bila huo shamba langu lilikuwa mdomo wazi. Tulimzika bomani, wageni wakaja wakala, wakalia, wakaondoka. Matawi yaliyobaki yalikuwa bado yameegemea ukuta wa jikoni.

Nikayachukua, nikaenda kuyapanda peke yangu, mchana, kila mtu akiona. Nilikuwa nimechoka mno hata kuogopa. Kuhusu mume kufa, nilijiuliza mume yupi. Kama ni yule wa Migori, basi na ajichunge. Mstari wangu ulitoka umepinda, matawi mengine yamelala upande, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunishika kiuno.

Mvua zilipita, minyaa ikashika, na watu wa kupima wakafika na minyororo yao na vigingi. Karani wao hakuwa mtu wa kwetu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Wazee walikuwepo. Kaka alikuwepo, na viatu vyake vya kazini. Karani aliuzunguka ua wangu pande tatu akiandika, akafika kwenye ule wa nne, akasimama. Hata kipofu angejua kwamba huo haukupandwa na mkono uleule.

"Hii mpaka ilipandwa na nani?"

Wazee wakamtazama kaka. Mimi nilitazama chini. Neno moja tu kutoka kwake na ningerudi nje ya ua pamoja na shangazi.

Kaka aliuangalia ule mstari uliopinda, toka mwanzo hadi mwisho.

"Mzee alipanda yote," akasema. "Shamba ni ya dada yangu, andika jina yake. Hiyo ya mwisho imepinda kwa sababu mkono ilikuwa imechoka."

Karani akaandika. Nilikunja viganja vyangu ndani ya leso. Kuhusu mkono kuchoka, kaka hakusema uongo.