Neno la Siri la Bosibori

Enzi zetu kompyuta ilikuwa na chumba chake, na ulikiingia kwa adabu. Katika shule yetu ya wasichana ya bweni, kando ya Ikonge, tulivua viatu mlangoni, kwa hiyo chumba kizima kilinuka soksi. Kompyuta sita zilifunikwa vitambaa vya kufuma, kama makochi ya mama zetu. Nikimsimulia binti yangu haya ananitazama kama mtu aliyezaliwa kabla ya moto kugunduliwa.

Mimi na rafiki yangu Bosibori tulikipenda chumba kile kuliko uwanja wa michezo, kuliko hata siku ya ndizi mbivu. Yeye alitoka Gesima, binti wa wakulima wa chai, na vidole vilivyozoea kuchuma vilikimbia kwenye kibodi hata Mwalimu Ondieki, wa kompyuta, akashangaa. Mwaka ule tulitunga mchezo wa kuigiza kwa ajili ya mashindano ya Ogembo. Mimi nilisema, yeye akachapa na kuongeza mistari yake. Sehemu ya pili yote haikuwahi kugusa karatasi.

Tulipoongeza michoro ya mavazi na nyimbo tulizorekodi, mchezo ukakataa kuingia kwenye disketi. Hapo ndipo mwalimu alipotuonyesha programu ya kubana mafaili. "Ni kama sanduku lako la bweni," akasema. "Nguo ni zile zile, lakini ukizikunja vizuri zinaenea. Ukifika, unazikunjua." Kisha akatuonyesha namna ya kulitia faili kufuli, yaani neno la siri, ili shule nyingine zisituibie. Bosibori alichagua neno hilo peke yake. Nakala nyingine zote tukazifuta, tukijiona majasusi.

Wiki mbili kabla ya mashindano, mwalimu akagawa nafasi za uigizaji. Ya mama mkwe, mhusika mkuu, akanipa mimi. Bosibori alikuwa ameitaka nafasi hiyo tangu ukurasa wa kwanza. Alihamisha sahani yake ya ugali hadi meza nyingine, na kwa siku tatu hatukusalimiana.

Jumatano mwalimu akatuita. Kesho yake saa sita alikuwa anakwenda mjini Kisii kuchapisha nakala za waamuzi, maana printa yetu ilikuwa imekufa.

"Bosibori, fungua faili."

"Nimesahau neno, mwalimu." Alikuwa anatazama soksi zake.

Bosibori hakuwa mtu wa kusahau. Alijua hata siku za kuzaliwa za mbuzi wa kwao. Tukajaribu jina la mama yake, la kanisa lao, la ng'ombe wao wote watatu. Kila mara programu ilikataa, bila hasira wala huruma.

"Hii kitu haimjui mwalimu wala mkuu wa shule," Mwalimu Ondieki akasema, akavua miwani na kuketi. "Bila neno, mchezo hakuna."

Wasichana kumi na wanane walikuwa wamekariri nusu ya mchezo. Wengine walikuwa hawajawahi kufika Ogembo, na walishaomba ruhusa nyumbani.

Asubuhi nilimfuata Bosibori kwenye bomba la maji, alikokuwa akifua. Nilikuwa nimepanga kumgombeza, lakini nilipomwona amevimba macho, nikashika upande mmoja wa shuka lake tukalikamua pamoja.

"Unakumbuka," nikasema.

"Nakumbuka."

"Sasa kwa nini umenyamaza?"

"Nililibadilisha siku ile tuliyogawiwa nafasi. Nilikuwa na hasira, Nyaboke. Siwezi kulitaja mbele ya mwalimu. Hata mbele yako siwezi."

"Niandikie."

Akalowesha kidole, akaandika polepole kwenye saruji kavu: nyabokesautiyachura.

Nilisoma mara mbili. Nilikuwa najua kwamba sauti yangu ni nzito, na yeye alikuwa anajua kwamba najua. Jua likaanza kuyakausha yale maandishi kutoka mwanzo, likaanza na jina langu.

"Na mimi," nikasema, "niliwaambia bweni zima kwamba mistari yako mizuri uliinakili mahali."

Akafuta kidole kwenye sketi. "Hiyo ni mbaya kuliko chura."

"Ni mbaya kuliko chura."

Tukacheka mpaka shuka likaanguka kwenye matope, tukalifua upya.

Kabla ya saa sita tulimwomba mwalimu ageuke aangalie ukuta. Niliandika neno lile kwa mkono wangu mwenyewe, herufi kwa herufi, na mchezo ukakunjuka wote. Ogembo tulikuwa wa tatu, tukanywa soda, tukaimba njia nzima hadi shuleni.

Siku hizi binti yangu akisahau neno la siri, simu inamtumia jingine kabla hajamaliza kulalamika. Akikosana na rafiki yake, anamzuia kwenye simu, na kufikia jioni ni kama hawajawahi kujuana. Mambo ni mepesi, sikatai, na yeye huniona mshamba nikimwambia kuna kitu anakikosa. Lakini sisi, hata tungetaka kununiana mwaka mzima, tungekwenda wapi? Bosibori alilala kitanda cha juu, mimi cha chini, na kila alipogeuka, mimi ndiye niliyesikia.