Bezi na Miguu ya Alto

Nilijifunza kupiga gitaa la bezi nyumbani Mbalizi, nje kidogo ya jiji la Mbeya, kwa kutazama video kwenye simu. Gitaa lilikuwa la mjomba, aliyelinunua kutoka kwa bendi ya harusi iliyovunjika, kisha akaliacha kwetu bila kujua kulipiga. Amplifaya haikuwepo. Nilikuwa nagusisha kichwa cha gitaa kwenye ubao wa kitanda ili mtetemo upite kwenye mbao, na mimi naweka sikio pale pale kwenye ubao.

Video nilizozipenda zilikuwa za watu wenye kasi. Dole gumba linagonga uzi, kidole kingine kinaufyatua, mkono wa kushoto unapanda mpaka mwisho wa shingo na kurudi. Nilizitazama kwa mwendo wa polepole mpaka nikazipata, kisha nikajirekodi, nikasikiliza, nikaona kasoro, nikafuta. Sikumwonyesha mtu rekodi hata moja. Mama akipita mlangoni alikuwa ananiuliza kwa Kinyakyusa kama bado nagombana na hilo gogo.

Lazima niseme kwamba sikupenda kasi kwa ajili ya muziki peke yake. Kila nilipobeba lile gitaa barabarani, mtu aliniuliza nambebea nani. Niliamini kwamba nikipiga kitu rahisi watu watasema huo ndio mwisho wa uwezo wa msichana, na nikipiga kitu kigumu watanyamaza. Mpaka leo sina hakika kwamba nilikosea.

Nilipokwenda Iringa kusoma chuo, nilijiunga na kwaya ya usharika wa Kilutheri uliokuwa karibu na chumba nilichopanga. Mpigaji wao wa bezi alikuwa amehamishwa kikazi. Mwalimu wa kwaya, mtu wa makamo anayefundisha hisabati sekondari, alinisikiliza nikipiga kila nilichokuwa nacho, akatikisa kichwa taratibu, akaniambia nije mazoezini Jumamosi. Sikujua kama amependa. Nilirudi chumbani nikarudia yote niliyompigia, nikitafuta mahali nilipoharibu.

Kwaya ile huimba kwa mwili mzima. Kila wimbo una hatua zake: kulia, kushoto, kuinama kidogo, kugeuka. Soprano wanasimama mbele, alto nyuma yao, wanaume nyuma kabisa, na wote wakikanyaga pamoja sakafu ya kanisa inajibu. Aliyeongoza hatua alikuwa mama mmoja wa alto, mnene, mcheshi. Soprano walimwona kwa pembe ya jicho na wanaume walimtazama visigino.

Mimi sikuwatazama. Nilitazama vidole vyangu. Kila nilipoona nafasi kati ya maneno niliijaza, na kwenye kiitikio nilipanda juu kabisa.

Siku moja baada ya mazoezi tulibaki kwenye baraza ya kanisa tukisubiri mvua ipungue. Mama wa alto alikuwa amejifunga kitenge juu ya sweta.

"Mwanangu," aliniambia, "pale kwenye kiitikio huwa unakwenda wapi?"

"Napamba kidogo, mama."

"Pamba tu. Ila mimi mguu wangu unabaki hewani. Nasimama kama kuku kwenye baridi ya mwezi wa sita."

Watu walicheka, na mimi nikacheka ili nisionekane nimeumia. Mpiga gitaa la solo, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu mjini, alinitetea.

"Mwacheni dada apige. Bezi mnayoitaka ninyi hata mashine ya kusaga inaiweza. Du, du, du, du, mpaka mahindi yaishe."

"Mashine ya kusaga haijawahi kunipoteza," mwalimu alisema. "Ningepata sare ya kuitosha ningeshaiandikisha."

"Mwalimu, watu wa siku hizi wanataka kuona kazi. Akipiga kirahisi watasema amewekwa pale apendezeshe picha tu."

Alikuwa amesema lililokuwa moyoni mwangu. Nilitazama maji yanayotiririka kutoka kwenye bati.

"Hawa wa Mbeya," mama wa alto alisema, "hata ukiwapa nyuzi nne tu wanataka kuhutubia."

"Hotuba nzuri lakini," alisema mpiga solo.

"Nzuri sana. Natamani siku moja niisikilize nikiwa nimekaa."

Mvua ilipopungua mwalimu alinisogeza pembeni. Kwaya ilikuwa inajiandaa kwenda Mbeya kurekodi kwa mara ya kwanza. Studio ya huko, alisema, ilizoea kurekodi kwaya kwa bezi ya kinanda, kwa sababu kinanda hakina mambo mengi. "Mimi ningependa bezi iwe ya gitaa, na gitaa liwe lako. Lakini nikiona kwaya inayumba nitakubali kinanda." Hakusema kwa ukali. Nilimjibu, "Sawa, mwalimu," na usiku ule sikulala vizuri. Nilitaka kuwa kwenye ile rekodi kuliko nilivyotaka kufaulu mitihani, na siandiki hivyo ili nionekane napenda muziki. Rekodi ingekuwa kitu ambacho siwezi kukifuta.

Nikafanya nilichozoea kufanya, yaani kutafuta kosa na kulifuta lote. Niliondoa mapambo yote. Nikapakua kwenye simu programu inayogonga mapigo, tik, tik, tik, nikafanya nayo mazoezi mpaka kila noti yangu ikawa inaangukia juu ya pigo lile lile. Nilidhani huo ndio mdundo uliotulia ambao mwalimu alikuwa anausema. Mpiga solo alinisikia nikijaribu, akaniuliza kama nimeachwa na mtu.

Tulialikwa Kilolo kwenye sikukuu ya mavuno. Kanisa lilijaa, mbele kulikuwa na mahindi, viazi na maharage vilivyoletwa kama sadaka, ukungu ukiingia madirishani. Tulipoanza wimbo wa shukrani nilipiga sawasawa kabisa. Tulipofika kwenye kiitikio kwaya ikaongeza mwendo. Nilikuwa nimeshagundua tabia hiyo mazoezini na nilikuwa nimeamua kutoifuata. Nilibaki na mwendo wangu, kwa sababu nilikuwa sahihi. Mpiga ngoma alikwenda na kwaya. Soprano, waliokuwa karibu na spika yangu, walibaki na mimi. Wanaume walikwenda na ngoma. Alto walikuwa katikati, na nilimwona mama wa alto akiinua mguu, akiurudisha, akiinua mwingine. Mahali pa kugeuka, nusu ya kwaya iliwatazama waumini na nusu ikatazama ukuta.

Wenyeji walipiga makofi hata hivyo. Watu wa Kilolo ni waungwana.

Wakati wa chakula mwalimu alikaa karibu nami na sahani yake ya wali na maharage. Alikula kwanza.

"Leo hujakosea noti hata moja," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Sasa ulikuwa unapiga na nani?"

Nilisogeza maharage kwenye sahani yangu. Aliniambia kwamba Mbeya bezi itakuwa ya kinanda, na kwamba kama bado nataka kwenda, alto wana upungufu wa sauti. Nilisema nataka. Kisha nilikwenda nyuma ya kanisa nikasimama karibu na tangi la maji mpaka uso ukatulia.

Kwa hiyo nilijifunza hatua. Niliwekwa pembeni ya mama wa alto, na mwalimu alipiga bezi kwa mkono wa kushoto kwenye kinanda. Nilikuwa mchezaji mbaya. Nilihesabu kwa midomo. "Acha kuhesabu," mama wa alto alininong'oneza, "hatuuzi nyanya." Alinishika kiuno kwa mkono mmoja akanisukuma upande unaotakiwa, kama mtu anavyosogeza kabati.

Baada ya wiki kadhaa nilianza kuhisi mambo ambayo sikuwahi kuyasikia nikiwa na gitaa. Kwenye kiitikio kuna kugeuka, na mwili wa mtu mzima unapogeuka unajirusha kidogo. Mwendo unaongezeka pale kwa sababu ya nyonga. Baada ya kugeuka unarudi wenyewe. Nilikuwa nimekataa kufuata nyonga za watu wote wale kwa kuwa simu yangu haikuwa nazo.

Nilihisi jambo la pili pia, ambalo sikumwambia mtu. Kabla ya ubeti wa mwisho kuna mahali kwaya inanyamaza, mguu wa kulia umeinuliwa, wote wanasubiri. Bezi ya mwalimu pale ilikaa kimya. Kila mara tulitua vibaya, mmoja mapema, mwingine baadaye. Nilikuwa nasimama na mguu juu, nikisikia kichwani noti kadhaa za haraka zinazoshuka, ambazo zingetushusha wote pamoja. Zilikuwa zile zile za kwenye video. Nilijitilia shaka. Mtu aliyezoea kuhutubia huona kila ukimya unamwita yeye.

Studio ya Mbeya ilikuwa chumba chenye mazulia ukutani, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Fundi wa studio alikuwa mpole na mwenye haraka. Alituwekea mdundo wa kompyuta kwenye vipokea sauti vya masikioni, akapiga bezi mwenyewe kwa kinanda, safi kabisa, akatuambia tuimbe. Kwenye kiitikio tukaacha kompyuta nyuma. Tukarudia, tukaiacha tena. Soprano mmoja alianza kulia kimyakimya. Fundi alisema kwamba kwaya nyingi hushindwa mwanzoni, na kwamba tunaweza kusimama wima bila kucheza, ili tusiharakishe.

Tulijaribu. Ilikuwa kama kuimba tukiwa kwenye foleni ya benki. Mwalimu alivua miwani akaifuta, na niliona anaanza kukubali tuimbe hivyo hivyo.

Gitaa la bezi la studio lilikuwa linaning'inia ukutani. Nilimwambia mwalimu kwamba naomba nijaribu na mpiga ngoma, bila kompyuta, mama wa alto akisimama mbele yangu na kucheza wimbo mzima.

"Bila kompyuta itakuwa shida kurekebisha baadaye," alisema fundi.

"Hiki kitoto kimekaa kwenye miguu yetu muda mrefu," mama wa alto alisema. "Kiacheni."

Mwalimu aliniangalia. "Umeshajua unapiga na nani?"

"Nimejua."

Nyuzi zilikuwa kuukuu na nzito. Mama wa alto alivua viatu ili visisikike, akasimama mbele yangu kwa soksi, akiimba kwa midomo bila sauti. Sikutazama vidole vyangu. Nilitazama visigino vyake, na kila kilipogusa sakafu noti yangu ilikuwa tayari pale. Kwenye kugeuka alijirusha, nami nikajirusha naye. Mwili wangu ulikuwa unajua hatua, kwa hiyo sikuwa na la kuamua. Tulipofika pale kabla ya ubeti wa mwisho aliinua mguu, na katika ukimya ule nikazipiga zile noti za haraka, zote, zikishuka. Akatua.

Fundi alisimamisha. "Ilikuwa nzuri. Pale kwenye kimya umeteleza kidogo, tunaweza kupafuta."

"Hajateleza," mpiga solo alisema. "Pale ndipo wimbo ulipoamka. Angeweka na kwenye ubeti wa kwanza."

"Asiweke," mwalimu alisema. "Hata pale sipapendi sana. Ni maneno mengi."

Walibishana mbele yangu kama vile mimi ni dirisha. Mwalimu alitaka noti mbili tu. Mpiga solo alitaka mara tatu zaidi ya hapo. Mwisho mwalimu alimgeukia mama wa alto, aliyekuwa anavaa viatu.

"Mama, wewe unasemaje?"

"Mimi nimetua," alisema. "Mkibadilisha mnipe taarifa mapema."

Ikaachwa. Kwaya iliimba juu ya bezi ile, ikicheza kwa soksi juu ya zulia, na jioni tulikuwa tumemaliza wimbo. Mwalimu hakuwahi kusema kwamba alibadili mawazo kuhusu zile noti. Naamini hakubadili. Mimi mwenyewe chumbani bado nafanya mazoezi ya kasi.

Video ilipigwa baadaye, kwenye kilima kimoja nje ya Iringa. Mpiga picha alisema kwamba magitaa yatajaza fremu bila sababu, kwa hiyo mimi ninaonekana kwenye mstari wa alto, kwa sare, nikicheza. Ilipowekwa mtandaoni nilisoma kila maoni, kama ilivyo tabia yangu. Wengi waliombeana baraka. Mmoja aliandika: "Huyo kaka wa bezi apewe maua yake."

Niliandika jibu. Nililiandika upya, nikaona linaonekana la majivuno, nikalifuta. Mpiga solo alikuwa amekwisha kuyaona maoni yale. Alinitumia picha ya maoni hayo na maneno machache: "Kaka wa bezi, hongera."

Nilimjibu kwamba kwenye ubeti wa pili nimechelewa kidogo, asikilize vizuri.