Somo la Uzazi Mbele ya Mkwe

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa muuguzi katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya Washington, na nilijiona bingwa wa uzazi wa mpango. Kwa Kiingereza sikuwa na haya hata chembe. Nilishika kondomu, kitanzi na pakiti ya vidonge mbele ya waume za watu, nikaeleza kila kitu kama muuza sufuria mnadani. Wenzangu walinisifu, nami nikaamini.

Siku moja mkuu wa zamu akaniita. Kulikuwa na Mtanzania mwenzangu, mkazi wa Langley Park, kitongoji cha jirani, Kiingereza hakipandi, amejifungua kwa upasuaji wa tatu. Daktari alikuwa ameandika kwamba akishika mimba tena mapema, kovu linaweza kupasuka. Angeruhusiwa mchana huohuo. Nikaenda kifua mbele.

Kando ya kitanda alikaa mama mkwe wake, mtu mzima, kitenge kichwani. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hapo ndipo nilipokwisha. Kitanzi cha kufundishia kikabaki mfukoni. Utamwamkiaje mama wa watu, halafu umweleze mambo ya chumbani kwa mwanawe?

"Dada," nikamwambia mgonjwa huku nikitazama pazia, "mwili unahitaji kupumzika. Hata shamba hupumzishwa. Mwambie baba watoto awe... na subira."

Mgonjwa aliitikia kila neno, macho kwenye shuka. Nikaweka alama kwenye fomu kwamba amefundishwa na ameelewa. Mpaka leo naona aibu kuandika hivi.

Nilikuwa nimefika mlangoni mama mkwe aliponiita.

"Mwanangu, wewe ni nesi au bwana shamba?"

"Nesi, mama."

"Basi rudi ukae. Binti yangu wa kumzaa nilimzika kwa mimba za kufuatana. Huyu ndiye niliyebaki naye. Sema yote, mimi nasikiliza."

Nikakaa. Nikatoa kitanzi kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza, nikaeleza vidonge, sindano, kila kitu, kwa Kiswahili cha kukwamakwama. Mgonjwa akainua macho kwa mara ya kwanza.

"Dada, hiyo sindano naweza kuchomwa sasa hivi? Nikishafika nyumbani nitaogopa kuomba."

Nikatoka kumtafuta daktari, nusu natembea, nusu nakimbia.