Nyumba Nayo Iandaliwe

Nakumbuka siku moja, saa kumi na moja na robo jioni, bibi yangu aliponifuma migombani nyuma ya nyumba yetu ya kijijini Uru, nimejiziba mdomo kwa khanga, nanong'ona kwenye simu.

Mwanangu, nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nimerudi nyumbani kwa likizo. Sekondari nilijisomea mwenyewe, kwa hiyo kujipanga nilikujua. Kwa somo la Kiingereza la chuo, lililoendelea mtandaoni hata likizoni, nilikuwa na simu yenye chaji, bando, spika za masikioni, na mgomba ambao chini yake mtandao haukatiki. Hata hivyo, jioni hiyo mwalimu alikuwa ametoka kuniambia, "Sauti yako haifiki. Alhamisi ijayo ni mtihani wa kuzungumza. Nisipokusikia, utarudia mwaka."

Ningepazaje sauti? Kwetu, aliyesema Kiingereza mbele ya wazee alionekana anajidai, na baba mdogo angenicheka hadi Krismasi.

Bibi alisimama na mundu wake wa kukatia majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, bibi."

"Shikamoo yako ya asubuhi inatosha. Huyo mwanaume ni nani?"

"Ni mwalimu, bibi."

"Mwalimu gani anafundisha watu kunong'ona?"

Nikamweleza yote, pamoja na habari ya kurudia mwaka. Akakalia mzigo wake wa majani.

"Simu umeiandaa," akasema. "Sisi wa nyumbani je, umetuandaa lini? Mimi ningejuaje kuwa saa hizi uko shuleni?"

Usiku huo, tukiwa tunakula, aliwatangazia wote: Alhamisi jioni redio itazimwa, majani ya ng'ombe atakata baba mdogo, na mimi nitakaa sebuleni.

"Kumbe tumepata Mzungu wa Uru!" baba mdogo akasema.

"Wewe ukishalewa mbege unaongea lugha ambayo hata mkeo haijui, na tunakuvumilia," bibi akamjibu. Tukacheka, naye akacheka.

Alhamisi nilizungumza kwa sauti. Nilikosea mara nyingi, lakini mwalimu alisema, "Leo nimekusikia." Nilifaulu, si kwa alama za kujisifia, nikaendelea na mwaka wa pili. Muda wote wa mtihani bibi alikuwa amekaa mlangoni; nilipomaliza akaniuliza:

"Umemwambia nini?"

"Nimemweleza unavyopalilia kahawa."

"Umemwambia na mgongo unaniuma?"

Hilo nilikuwa sijajua kulisema kwa Kiingereza. Wiki iliyofuata nililisema.

Sasa nawe, mwanangu, umeniuliza ununue simu gani kwa ajili ya masomo yako ya mtandaoni. Nunua inayokutosha. Kisha kaa na watu wa nyumbani, uwaambie siku na saa ya somo, na kazi gani utaifanya kabla au baada, ili wasidhani unaikwepa. Ukiishi chumba kimoja na wenzako mjini, waombe vivyo hivyo. Usijifiche. Lugha inataka kusikika, na makosa yako yasikike pia, maana mwalimu hawezi kusahihisha asichokisikia. Watakaokucheka leo watazoea. Pengine kesho watakuuliza neno.

Ruwa, kama bibi alivyomwita Mungu, aifungue sauti yako. Akupe nyumba inayokunyamazia unaposoma, na mtu wa kukaa mlangoni akisikiliza hata asichokielewa.